Adui Akigeuka Steringi: Siku Tatu Mwamgongo

Kwa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, sheria ilikuwa moja tu: steringi hafi. Unalipa kiingilio, unabanana kwenye benchi, na kabla muvi haijachanganya unamuuliza jirani yako, "Steringi yupi, adui yupi?" Ukishajibiwa, roho inatulia. Adui atatesa watu weee, lakini dakika za mwisho lazima akione cha moto. Watu wanapiga makofi, mnatoka nje mnapiga hewani mateke ya Kichina, maisha yanaendelea.

Halafu Hollywood wakatuvurugia utaratibu. Mwaka 1991 ilitoka The Silence of the Lambs, na ndani yake kuna Dk. Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili ambaye anaua watu na kuwala nyama. Yuko gerezani, nyuma ya kioo, na anaonekana kwa muda mfupi tu. Lakini Anthony Hopkins aliuigiza uhusika huo kwa macho makali, sauti ya upole na adabu za mtu aliyelelewa vizuri, kiasi kwamba watu walitoka sinema wakimzungumzia yeye. Filamu ile ilibeba tuzo tano kubwa za Oscar. Miaka 10 baadaye, mwaka 2001, ukaja muendelezo ulioongozwa na Ridley Scott, na safari hii jina lake ndilo likawa jina la filamu: Hannibal. Kioo hakipo tena. Jamaa yuko huru mjini Florence, Italia, kofia kichwani, suti imemkaa, anapiga piano, anajua historia na mvinyo. Dunia ikajaa kwenye majumba ya sinema, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 350.

Yaani adui amekuwa steringi, na sisi tumelipa kiingilio.

Sasa mpenzi msomaji utaniuliza, hayo na ukurasa wa safari yanahusiana wapi? Subiri. Hii ni safari ya kwenda Mwamgongo, kijiji cha wavuvi mkoani Kigoma, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kinachopakana na hifadhi ambako wameishi wauaji mashuhuri kuliko huyo Lecter, na wao si wa kuigiza. Mimi na mke wangu tulikaa pale siku tatu, na tuliporudi tulikuwa na jibu la swali ambalo tuliondoka nalo Dar es Salaam.

KWA MAJI TU

Kigoma unafika kwa ndege, kwa basi, au kwa ile reli ya kati iliyofika huko mwaka 1914. Wengi wakifika wanakimbilia Ujiji kupiga picha pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, halafu wanakula mgebuka na kurudi. Si vibaya. Lakini kama wewe na mwenzio mnataka safari ya kukumbuka, shukeni Kibirizi, ufukwe ulio kaskazini kidogo ya mji, mchana jua likiwa utosini, mkatafute boti za abiria zinazopanda kaskazini.

Hizo boti usiombe. Ni za mbao, ndefu, na zinabeba kila kitu: magunia ya unga, kreti za soda, magodoro, mabati, kuku, na binadamu juu ya vyote hivyo. Ukishapata pa kukaa, usiinuke, maana ukirudi utamkuta mama wa watu ameshatandika kanga. Mke wangu alikalia gunia la mchele, mimi nikakalia ukingo, miguu ikikaribia kugusa maji. Na hayo maji, jamani! Ni maangavu kiasi cha kuona mawe ya chini ukiwa karibu na ufuko, halafu ghafla yanakuwa ya bluu ya kutisha. Si ajabu, ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi.

Boti inafuata mwambao, inashusha mtu hapa, inapakia mkungu wa ndizi pale. Baada ya masaa kadhaa milima upande wa kulia inabadilika sura. Ilikuwa na mashamba, nyasi na miti ya michikichi. Sasa ni msitu mnene unaoshuka hadi kwenye mchanga. Hiyo ni Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, ambako Jane Goodall alitua Julai 1960 akiwa na umri wa miaka 26, kuanza utafiti wa sokwe ambao unaendelea hadi leo. Mwenyewe alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91.

Msitu ukiisha, kijiji kinaanza. Ndiyo Mwamgongo yenyewe. Bonde limebanwa na milima, nyumba zimepanda mteremkoni kama watu wanaogombea kuona mpira, na ufukweni dagaa wameanikwa hadi unatafuta pa kukanyaga. Harufu yake siku ya kwanza inakusalimia kwa nguvu. Siku ya pili unaanza kuulizia chakula.

Tulifikia kwa mama mmoja mtu mzima ambaye ni ndugu wa jirani yetu wa Dar. Alitupokea kwa ugali wa muhogo, dagaa wa mawese na amri: "Mzime hizo simu. Mkiwa hapa ni wageni wangu mimi, si wa hizo simu." Mke wangu alifurahi kuliko alivyoonesha. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe aliokuwa hajaujibu.

UJUMBE WENYEWE

Rafiki yake, dada tuliyesoma naye chuo, alikuwa anarudiana na mchumba wake. Na huyo jamaa, ukimkuta kwenye kikao cha harusi, utampenda. Anaingia, watu wote wanacheka. Anasalimia wazee kwa heshima zote, anawaita wakwe "mama yangu" kabla hata ya posa, soda za meza nzima ni juu yake, anajua kuimba, anajua kuvaa. Mwaka uliotangulia alimpiga yule dada mpaka akamvunja mkono. Harusi ikaahirishwa. Jamaa akalia mbele ya wazazi wa pande zote mbili, akaacha pombe, akapeleka maua ofisini kwake kila Ijumaa. Sasa kamati ya harusi imeundwa upya, na ujumbe kwa mke wangu ulikuwa mfupi: "Shoga, amebadilika kabisa. Naomba uwe msimamizi wangu."

Ungejibu nini? Ukikataa, unampoteza rafiki. Ukikubali, unasimama madhabahuni ukitabasamu kwenye picha.

USIKU WA BANDA

Usiku wa kwanza hatukuweza kulala mapema. Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga kama mji mwingine ulioota juu ya maji, maana mwezi ulikuwa haupo na giza ndilo linalowaleta dagaa kwenye mwanga. Tukasikia jenereta likinguruma na sauti ya mtu kwenye spika. Banda la video. Tukaenda.

Na ndani, amini usiamini, walikuwa wanaonesha Hannibal, ile ya 2001, iliyotiwa Kiswahili na mkalimani. Kwa vijana wa siku hizi, hii sanaa ya kutafsiri muvi ilivumishwa Tanzania na Lufufu, na Kenya wakampata DJ Afro. Mkalimani hatafsiri maneno tu. Anakwambia mtu anafikiria nini, anatania, anaonya, na pale asipoelewa anatunga. Huyu wetu alikuwa na msimamo wake. Kila Lecter alipotokea na kofia yake, sauti ikasema: "Muoneni msomi huyo. Msimpe mkono."

Lakini banda halikumsikiliza. Banda lilikuwa limeshampenda daktari. Na ukiangalia vizuri, filamu yenyewe imepangwa umpende. Wamemletea wabaya wengine ili yeye aonekane afadhali: tajiri Mason Verger mwenye uso ulioharibika, anayefuga nguruwe waliofundishwa kula watu, inspekta Pazzi wa Florence anayetaka kumuuza kwa hela, na bosi mmoja wa serikali mwenye mdomo mchafu anayemdhalilisha Clarice, yule mpelelezi wa kike. Kila mmoja wao anapopata kipigo, watu wanaona kapata haki yake. Nguruwe walipomgeukia Verger, benchi la mbele walisimama kushangilia.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho. Lecter amemfungua kichwa yule bosi na kumlisha ubongo wake mwenyewe mezani. Dakika chache baadaye Clarice anajifunga pingu moja na yeye ili asitoroke. Polisi wanakuja. Jamaa anashika kisu kikubwa cha jikoni. Ili ajikomboe, mkono mmoja lazima uende, wa kwake au wa Clarice. Tunakuja kugundua kwamba amekata wa kwake.

Banda zima likasema, "Aaah!" Msichana mmoja nyuma yetu akatamka kwa sauti, "Huyo anapenda kweli."

Mke wangu akanigeukia gizani. Hakusema kitu, ila nilijua anawaza maua ya Ijumaa.

WALE WA JIRANI

Asubuhi tulikodi mtumbwi wa injini hadi Kasekela, kituo kikuu cha Gombe, tukalipa kiingilio na kupewa muongoza wageni. Kupanda vilima vile si mchezo. Kama kwenye mapenzi yenu mna siri, zitatoka wakati wa kuhema. Sokwe tuliwapata karibu na saa sita. Mama mmoja alikuwa anamchambua mwanawe nywele, mtoto amelala chali anachezea mguu wake. Unaangalia unasema, mbona ni kama sisi?

Na hapo ndipo yule kijana muongoza wageni alipotupa habari ya Passion na Pom, ambayo Goodall mwenyewe ameiandika kwenye vitabu vyake.

Passion alikuwa sokwe jike wa kundi la Kasekela. Pom alikuwa binti yake. Goodall aliwapa sokwe majina badala ya namba, jambo ambalo wanasayansi wenzake walimlaumu nalo, na kila ukoo aliupa herufi yake: Passion, Pom, Prof, Pax. Mwaka 1975 Passion alionekana akimvamia jike mwenzake, Gilka, akamnyang'anya mtoto mchanga na kumla pamoja na familia yake. Mwaka uliofuata mtoto mwingine wa Gilka akaenda vilevile, safari hii mshambuliaji akiwa ni Pom, binti. Kisha wakamfuata Melissa, wakamzidi nguvu wawili kwa mmoja, na mtoto wake naye akaliwa. Hao watatu ni wale walioshuhudiwa. Watoto wengine wachanga waliopotea miaka ile wakabaki kwenye orodha ya kushukiwa.

Kilichotunyamazisha ni kilichofuata. Muda si mrefu baada ya kunyang'anywa mtoto, Melissa, akiwa na majeraha, alimsogelea Passion. Wakatazamana. Passion akanyoosha mkono, na Melissa akaugusa.

"Alikuwa anaomba msamaha?" mke wangu akauliza.

Yule kijana akacheka kidogo. "Dada, sokwe hufanya hivyo kutulizana. Haimaanishi kwamba ataacha."

Na hakuacha kwa sababu ya mkono ule. Mauaji yalikoma pale Passion na Pom walipopata watoto wao wachanga, miaka ya 1977 na 1978. Passion alikufa mwaka 1982. Pom aliondoka kundini mwaka uliofuata, na inaaminika alielekea kaskazini kwa kundi la Mitumba, yaani huku huku mpakani na Mwamgongo. Muendelezo wa kweli, mama na binti, na hakuna hata mmoja aliyevaa suti.

FRODO, MTOTO WA FIFI

Kama Passion alikuwa wa kutisha, Frodo alikuwa wa kuvutia. Alizaliwa mwaka 1976, mtoto wa Fifi, jike aliyependwa na wapiga picha wa dunia nzima. Akakua akawa dume la zaidi ya kilo 50, bonge la mtu. Alipenda kurusha mawe na kuburuza watu. Mwaka 1988 alimkung'uta mchora katuni wa Marekani, Gary Larson, aliyekuja kutembea. Mwaka 1989 alimrukia Goodall mwenyewe nusura amvunje shingo. Mwaka 1997 alimpindua kaka yake Freud na kuwa mkuu wa kundi. Kwa uwindaji wa mbega wekundu alikuwa hana mpinzani. Picha zake zilikwenda kila mahali, na ukizitazama unaelewa: kifua wazi, macho yamekukazia, steringi kabisa.

Mei 2002, ndani ya hifadhi, Frodo alimpokonya mtu mzima mtoto wa kike wa miezi 14, binadamu, akamuua.

Frodo hakuuawa. Sokwe wa Gombe ni wachache, na sokwe akiwinda anafuata asili yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo aliugua, akapoteza ukuu, na akaishi kimya mpaka alipokufa mwaka 2013. Mimi silalamikii uamuzi ule. Sokwe hajui kosa, hana mahakama, na huwezi kumwambia abadilike.

Jioni, tumekaa uani na mama mwenyeji wetu anachambua dagaa, nikawa namsimulia Frodo kwa hamasa zote: uzito, mawe, mapinduzi dhidi ya kaka yake, yote. Mama akawa anaitikia, "Ehee... ehee..." Nilipofika kwenye Mei 2002, mikono yake ikasimama.

"Na mama wa yule mtoto," akauliza, "alipata watu wa kumkalisha?"

Nikanyamaza. Mama naye akarudi kwenye dagaa wake. "Nyie wa mjini," akasema taratibu, "mnajua kila kitu cha mnyama. Babu yake, kaka yake, alichokula. Mtu kapoteza mwana, hamuulizi hata kalala wapi."

JINA LINABAKI NA NANI?

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu mchezo mdogo. Ujaribu na wewe. Taja wauaji wa kwenye sinema: Hannibal, umempata. Sasa nitajie watu aliowaua, majina yao. Umeona?

Au chukua mamba wa upande wa pili wa mpaka. Kutoka Mwamgongo Burundi si mbali, na kaskazini mwa ziwa, kwenye mdomo wa mto Ruzizi, ndiko alikovuma Gustave, mamba mkubwa aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye aliyekuwa akiishi Burundi. Masimulizi yanasema ameua watu hadi 300. Hiyo ni hesabu ya masimulizi, hakuna aliyezika huku akihesabu. Walijaribu kumtega kwa kizimba kikubwa, wakashindwa, na mwaka 2004 ikaonyeshwa filamu halisi ya jaribio hilo. Mwaka 2007 Hollywood wakatoa filamu ya Primeval iliyotokana na habari zake. Na unajua waliitangaza vipi? Kama habari ya muuaji wa mfululizo aliyeua kuliko wote, bila kusema waziwazi kwamba ni mamba. Watu wakanunua tiketi wakitegemea Lecter mwingine. Gustave akapata jina, akapata filamu. Wale wavuvi na akina mama waliokuwa wanafua nguo Ruzizi wakapata namba: 300.

Hivyo ndivyo mvuto unavyofanya kazi. Hautufanyi tuamini kwamba muuaji ni mwema. Hakuna mtu kwenye banda lile aliyedhani Lecter ni mwema. Unachofanya ni kuhamisha macho yetu. Tunamfuata yeye anakwenda wapi, anasema nini, atatokaje. Aliyeumizwa anakuwa kama kiti kwenye chumba. Na sehemu ya pili ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ya kwanza tulikuwa bado tunamuogopa. Sehemu ya pili tunamfahamu, tumemmisi, na tunataka kuona kama amebadilika. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tatizo ni kwamba mkakasi unang'aa mezani, kile kipande cha mti hakuna anayekiona.

Tuliyazungumza haya usiku wa pili, mimi na mke wangu, tumekaa kwenye mchanga. Akasema, "Umeona kamati ya harusi inavyozungumza? Jamaa kaacha pombe, jamaa analia, jamaa kapeleka maua. Yote ni habari zake yeye. Hivi kuna mtu ameuliza mkono wa yule dada bado unauma?"

Nikamwambia jambo moja alilolipenda. Ilipokuja zamu ya kutengeneza Hannibal, Anthony Hopkins alikubali kurudi. Aliyekataa ni Jodie Foster, Clarice wa kwanza, aliyepata Oscar kwa uhusika ule. Wakamtafuta Julianne Moore. Filamu ikaendelea bila Foster, na maisha ya Foster yakaendelea vizuri tu bila filamu.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Kwanza, una haki ya kukataa sehemu ya pili hata kama wote wengine wameshasaini. Pili, na hili ni gumu kulimeza, ukikataa yeye anaweza kupata Clarice mwingine, na watu watakwambia umepoteza bahati. Waache waseme.

Lakini mwanaume si sokwe, na hapa ndipo mfano wetu unapoishia. Frodo hakuweza kuchagua. Binadamu anaweza, na wapo waliobadilika kweli. Ila kubadilika hakupimwi kwa alichojikata yeye. Maua, machozi, mkono wa Lecter, vyote hivyo vinamzungumzia mtoaji. Pima kwa aliyeumizwa: analala usingizi? Anaweza kumpinga mbele ya watu bila kutetemeka? Jamaa anaweza kusema "nilimvunja mkono", kwa maneno hayohayo, bila kuongeza "lakini alinikasirisha"? Na sheria iko wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na kwenye vituo vya polisi kuna dawati la jinsia na watoto kwa kazi hiyo. Uchumba haujakupa kibali ambacho hata ndoa haitoi.

Asubuhi ya tatu mke wangu aliwasha simu kwa ruhusa maalumu ya mama. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alichotuma ni hiki: "Kwenye kamati hiyo sitakuwepo. Kwako nipo, saa yoyote, hata usiku. Mkono unaendeleaje?"

Jibu lilichelewa. Lilitukuta ndani ya boti, tukiwa tumeipita Gombe tunaelekea Kibirizi. Lilikuwa refu, na nusu yake ya kwanza lilikuwa la hasira. Nusu ya pili ilianza hivi: "Baridi ikija unauma. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Wameendelea kuandikiana tangu siku hiyo. Tarehe ya harusi ilisogezwa mbele, na mpaka naandika hapa hakuna kadi iliyochapishwa. Mwisho wake ni wa yule dada mwenyewe kuuamua.

UKITAKA KWENDA

Boti za abiria za kaskazini huondoka Kibirizi mchana na hurudi asubuhi mapema, kwa hiyo panga kulala. Jumapili usizitegemee. Ukiwa na mfuko mzuri unaweza kukodi boti yako peke yako, ila utakosa umbea wa njiani.

Chukua koti jepesi, mfuko wa plastiki wa kuhifadhia simu, na dawa ya mbu. Kiha kidogo kitakufungulia milango: asubuhi sema "mwakeye" uone watu wanavyochangamka. Wadada, kanga moja ya ziada ni muhimu kwa boti na kwa heshima ya kijiji. Wakaka, kaptula ni za ziwani.

Kama unataka kuona taa za wavuvi, nenda siku ambazo hakuna mbalamwezi, na uulize kwanza kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwenye ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane.

Ukiwa Mwamgongo, panda mlimani uangalie miche na misitu ya kijiji. Mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall ulianza mwaka 1994 kwenye vijiji vya mwambao huu, ukiwa na vitalu vya miti na mikopo midogo kwa akina mama, kwa hoja rahisi kwamba huwezi kumlinda sokwe huku jirani yake ana njaa.

Gombe unaingia kwa kiingilio na muongoza wageni, si vinginevyo. Ukiwa na mafua usiende, maana sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Watoto wadogo waache nyumbani. Kaa mbali kama unavyoelekezwa, hata yule sokwe akiwa mzuri namna gani.

Na kama jioni utapita banda la video na wanaonesha ile ya daktari, ingia, ni filamu nzuri. Ila ukitoka muulize mwenzio akutajie jina la hata mmoja wa waliokufa. Safari njema!